Ufito wa Kuvulia wa Vipande Viwili: Mwongozo kwa Anayeanza

Mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare imekuwa na trauti tangu mwaka wa 1905, samaki hao walipoletwa kutoka ng'ambo na kuwekwa katika Mto Gura. Mabwawa yetu nayo yana tilapia na kambare. Kwa mkazi wa Nyeri anayetaka kuvua kwa ndoano, kikwazo cha kwanza huwa ni ufito. Wa dukani ni ghali, na mwanzi mzima wa futi 8 haubebeki kwenye matatu wala bodaboda. Ufito wa vipande viwili unabebeka, na unaweza kujitengenezea nyumbani. Weka bidii yako zaidi kwenye kiungo, kwa maana hapo ndipo fito nyingi za wanaoanza huvunjikia.

Mwanzi

Tumia mwanzi uliopandwa shambani. Kukata mianzi katika msitu wa serikali bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS) ni kosa.

Chagua mwanzi uliokomaa, wa miaka 3 au zaidi. Mchanga hunywea na kupasuka ukikauka. Uanike kivulini wiki kadhaa hadi rangi ya kijani iishe. Uliopinda upashe joto juu ya makaa huku ukiuzungusha, unyooshe, kisha uushikilie hadi upoe.

Kata vipande viwili vya futi 4 hivi. Cha chini kiwe na unene wa kidole gumba. Cha juu kiishie na unene wa penseli. Mwisho wa kila kipande utakaounganishwa uwe karibu na kifundo, kwa sababu hapo ndani pamejaa na hapabonyei kwa urahisi.

Kiungo

1. Tafuta bomba jembamba la shaba au alumini, urefu wa sentimita 12, lenye upana unaokaribia unene wa mwanzi. Nguvu ya mwanzi iko kwenye gamba la nje. Ukilichonga sana ili uingie kwenye bomba dogo, unaudhoofisha.

2. Gundisha sentimita 6 za bomba kwenye kipande cha chini kwa gundi ya epoksi. Acha ikauke kabisa.

3. Sugua mwisho wa kipande cha juu kwa msasa laini kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Unafaa kuingia kwa kuzungushwa kwa mkono, bila kucheza. Upande huu usitiwe gundi.

4. Funga uzi wa nailoni kwa kubana kwenye mwanzi, pale unapokutana na bomba, juu na chini. Bila uzi huo, ukingo wa bomba hupasua mwanzi unapopinda. Pakaa vanishi juu ya uzi.

Kiungo kikikwama siku za baadaye, paka nta ya mshumaa kidogo.

Pete za mshipi

Ikiwa utatumia gurudumu la kukunjia mshipi, weka pete 7 au 8 za waya usioshika kutu: kubwa karibu na gurudumu, ndogo kuelekea nchani. Usiweke pete juu ya kiungo. Zishikilie kwanza kwa utepe, upitishe mshipi na kuupinda ufito. Mshipi ukigusa mwanzi mahali popote, sogeza pete. Kisha zifunge kwa uzi na upake vanishi mara tatu, kila mkono ukauke kabla ya mwingine.

Jaribu kabla ya kwenda mtoni

Funga chupa ya nusu lita iliyojaa maji nchani na uinue polepole. Ufito ukipinda kama upinde, uko tayari. Ukifanya kona kwenye kiungo, au ukisikia mlio wa kupasuka, rudia kiungo. Ni nafuu kugundua kasoro uani kuliko kupoteza samaki, mshipi na ndoano mtoni.

Wakazi wanakumbushwa

• Uliza ofisi ya uvuvi iliyo karibu nawe kuhusu leseni na sehemu zinazoruhusiwa. Ndani ya mbuga za kitaifa, pata idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

• Usiunganishe wala kuinua ufito chini ya nyaya za umeme. Mwanzi uliolowa hupitisha umeme.

• Watoto wasiende mtoni au bwawani bila mtu mzima.