Kuandika Kiswahili kwenye Mac: Tahajia, Ritifaa na Zana za Kila Siku

Anayewasha kompyuta mpya ya Mac huulizwa kwanza achague lugha ya mfumo. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha ambazo menyu za mfumo huo zimetafsiriwa, kwa hiyo watumiaji wengi wa Afrika Mashariki huchagua Kiingereza na kuendelea na shughuli zao. Uamuzi huo huonekana mdogo, lakini athari zake hujitokeza katika kila ukurasa unaoandikwa baadaye. Kompyuta hukagua tahajia kwa orodha ya maneno ya Kiingereza na hukisia neno linalokusudiwa kwa mazoea ya Kiingereza. Mwandishi wa tasnifu, mfasiri, mwalimu au mhariri asiyeubadili mpangilio huo hujikuta akishindana na chombo kilichopaswa kumsaidia.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitayarisha Mac kwa kazi ya Kiswahili, pamoja na zana chache ambazo mwandishi atazihitaji kila siku.

Mstari mwekundu na mkono usioonekana

Mac ina tabia mbili zinazofanana lakini zisizo na uzito sawa. Ya kwanza ni kupigia mstari mwekundu neno isilolitambua. Ya pili ni kuliondoa neno hilo na kuweka jingine mara tu mwandishi anapobonyeza kitufe cha nafasi. Mstari mwekundu ni kero tu, lakini ubadilishaji wa kimya ni hatari, kwa sababu neno lililowekwa huwa limeandikwa kwa usahihi, ila si la lugha ya mwandishi. Halina mstari wowote chini yake, na jicho la msomaji anayepitia kazi yake kwa haraka hulivuka.

Ubadilishaji huo huzimwa katika mipangilio ya mfumo. Hufunguliwa menyu yenye alama ya tofaa iliyo katika kona ya kushoto juu ya skrini, huchaguliwa mipangilio, kisha sehemu ya kibodi, na mwishowe hubofywa kitufe cha kuhariri kilicho mbele ya vyanzo vya maandishi. Hapo patakuwa na swichi kadhaa. Inayosahihisha tahajia yenyewe ndiyo ya kuzimwa kwanza. Inayoanza sentensi kwa herufi kubwa nayo inafaa kufikiriwa, kwa kuwa vifupisho vya Kiswahili vyenye nukta, kama vile k.m., k.v. na n.k., huweza kudhaniwa kuwa mwisho wa sentensi.

Anayeandika Kiingereza asubuhi na Kiswahili jioni hana haja ya kuzima kila kitu moja kwa moja. Katika programu nyingi zinazotegemea mfumo wa Mac, mfano TextEdit, menyu ya kuhariri ina sehemu ya tahajia na sarufi ambamo usahihishaji huweza kuzimwa ndani ya programu hiyo peke yake.

Kwa nini orodha ya maneno haitoshi

Huenda mtu akadhani kwamba dawa ni kuifundisha kompyuta maneno ya Kiswahili moja baada ya jingine. Uwezo huo upo: hubofywa neno lililopigiwa mstari huku kitufe cha Control kikiwa kimeshikiliwa, na katika orodha inayojitokeza huchaguliwa kipengele cha kujifunza tahajia. Kwa majina ya watu, ya mahali na istilahi za fani, njia hii inafaa sana. Kwa vitenzi haifai, na sababu yake imo katika umbo la lugha yenyewe.

Kitenzi cha Kiingereza huwa na maumbo machache yanayohesabika kwa vidole. Kitenzi cha Kiswahili hujengwa kwa viambishi. Chukua mzizi wa andika pamoja na maumbo sita tu: andika, andikia, andikwa, andikiwa, andikisha na andikishwa. Weka mbele yake viambishi sita vya nafsi na viambishi vinne vya njeo, yaani na, li, ta na me. Tayari yamepatikana maneno 144, na bado hakijaguswa kikanushi, kiambishi cha mtendwa, kirejeshi, wala viambishi vya ngeli nyingine. Hakuna mwandishi atakayeifundisha kompyuta hayo yote kwa kubofya.

Kinachohitajika ni kikagua tahajia chenye orodha ya mizizi pamoja na kanuni za uambishaji. Mfumo wa Hunspell umeundwa hivyo. Kamusi yake huwa na faili mbili zenye jina moja: yenye kiishio cha .dic hubeba maneno, na yenye kiishio cha .aff hubeba kanuni. Kamusi ya Kiswahili ya mfumo huo ipo miongoni mwa kamusi za LibreOffice, ikiwa na jina sw_TZ, na hupatikana bila malipo. Mac imekuwa ikizipokea kamusi za aina hii tangu toleo la 10.6 la mwaka 2009.

Kuiweka ni kazi ya dakika chache. Katika Finder hufunguliwa menyu ya Go huku kitufe cha Option kikiwa kimeshikiliwa, na folda ya Library, ambayo kwa kawaida hufichwa, hujitokeza. Ndani yake mna folda iitwayo Spelling, isipokuwapo, huundwa. Faili zote mbili huwekwa humo, kisha mtumiaji hutoka katika akaunti yake na kuingia upya. Baada ya hapo Kiswahili huchaguliwa katika orodha ya lugha za tahajia, kwenye mipangilio ileile ya kibodi.

Kamusi hiyo haina kila neno, na mistari myekundu haitatoweka yote. Faida yake ni kwamba mistari itapungua kiasi cha kuwa na maana. Ukurasa uliojaa wekundu humzoesha mwandishi kupuuza, na akishapuuza, makosa ya kweli nayo humpita: asante iliyoandikwa ahsnte, wanafunzi iliyogeuka wanafuzi. Kuna na hatari ya upande wa pili. Maneno kama wake, pole na mate yamo pia katika Kiingereza, hivyo kikagua tahajia cha Kiingereza huyapitisha bila kuyauliza hata pale mwandishi alipokusudia wako, polepole au mateso.

Ritifaa: alama ndogo, matatizo makubwa

Katika Kiswahili, ritifaa ya ng' ni sehemu ya tahajia ya sauti. Ng'oa ni kutoa kitu kilichoshika kwa mizizi. Ngoa ni wivu au tamaa. Alama hiyo ikipotea au ikikosewa, neno hugeuka.

Mac kwa kawaida huigeuza ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’). Kwa jicho la msomaji tofauti ni ya urembo tu, lakini kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, kila moja na namba yake. Mtu akitafuta ng'ombe kwa alama iliyonyooka ndani ya hati iliyotumia iliyopinda, programu kadhaa humjibu kwamba neno hilo halimo. Ndivyo inavyotokea pia mtu anaponakili neno kutoka hati yake na kulibandika katika kisanduku cha kutafutia cha kamusi ya mtandaoni: neno lipo, ila alama zimepishana. Njia salama ni kuchagua alama moja kwa hati nzima, na kuchapa iliyonyooka kila mara unapotafuta.

Tatizo huwa kubwa zaidi kwa wahariri wa mashairi. Mshairi anayetaka kulinda mizani huweza kufupisha amekuja kuwa ’mekuja. Mac ikiona alama mwanzoni mwa neno hudhani ni ya kufungua nukuu, nayo huipindisha upande usiofaa: ‘mekuja. Katika diwani yenye mamia ya beti, kosa hilo hujirudia kila mahali. Ritifaa sahihi huandikwa kwa kubonyeza pamoja Option, Shift na mabano mraba ya kufunga, katika kibodi za Marekani na Uingereza. Asiyetaka usumbufu huo anaweza kuzima alama za nukuu zinazojipinda, katika mipangilio ileile ya vyanzo vya maandishi.

Vifupisho vinavyojifungua

Sehemu ya kibodi ina pia mahali pa kuandika vifupisho ambavyo Mac huvifungua kuwa maneno kamili. Mwandishi anayetaja mara kwa mara Taasisi ya Taaluma za Kiswahili au Baraza la Kiswahili la Taifa huandika mara moja tu, na kuanzia hapo kifupisho kinatosha.

Kwa Kiswahili kuna tahadhari moja. Lugha yetu ina maneno mengi mafupi ya silabi moja au mbili, na kifupisho kilichochaguliwa ovyo kinaweza kuwa neno halisi. Anayeweka bado kuwa kifupisho cha jina la shirika atashangaa shirika hilo likijitokeza katikati ya sentensi zake. Ni vyema kila kifupisho kianze kwa alama isiyoanza neno lolote, kwa mfano nukta mkato: ;tataki, ;bakita. Ikumbukwe pia kwamba si programu zote zinazoutii mpangilio huu.

Herufi zisizo kwenye kibodi

Kiswahili cha kawaida hakihitaji alama juu ya herufi. Wanaohariri tenzi za kale au kuandika kuhusu maneno yenye asili ya Kiarabu, hata hivyo, huhitaji irabu ndefu kama ā na konsonanti kama ḥ na ṣ. Mpangilio wa kibodi uitwao ABC Extended huzitoa: Option na A, kisha irabu, huweka mstari juu, Option na X, kisha konsonanti, huweka nukta chini. Herufi nyingine zote hubaki mahali pake, kwa hiyo mpangilio huu unaweza kutumika siku zote.

Kwa miswada iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kibodi ya Kiarabu pekee haitoshi, kwani Kiarabu sanifu hakina herufi za p, ch, g wala v. Herufi پ, چ na گ zimo katika kibodi ya Kiajemi. Zinazosalia hutafutwa katika jedwali la herufi, linalofunguliwa kwa Control, Command na kitufe cha nafasi.

Zana nyingine za kila siku

Anayenakili kifungu kutoka tovuti na kukibandika katika hati yake hubeba pia rangi, ukubwa na aina ya herufi za huko. Option, Shift, Command na V hubandika maneno matupu, yakafuata mwonekano wa hati inayoyapokea.

Preview, ambayo huja na Mac, haifungui tu faili za PDF. Huweza kutia maelezo pembeni, kuweka saini, na kuunganisha faili mbili kwa kuburuta kurasa za moja kwenda katika orodha ya kurasa za nyingine.

Picha ya sehemu ya skrini hupigwa kwa Shift, Command na 4. Ukiongeza kitufe cha nafasi, hupigwa dirisha zima. Command na kitufe cha nafasi hufungua Spotlight, inayotafuta faili kwa jina na kwa maneno yaliyomo ndani yake.

LibreOffice inastahili kutajwa tena kwa sababu menyu zake zinaweza kuonekana kwa Kiswahili. Kwenye Mac, kifurushi cha lugha hupakuliwa peke yake. Kazi ya kuipa programu za ofisi sura ya Kiswahili ina historia: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na LibreOffice imetokana na OpenOffice hiyohiyo.

Nakala rudufu

Hakuna ushauri wa tahajia utakaomfaa mtu aliyepoteza kazi yake. Time Machine, iliyomo katika Mac tangu mwaka 2007, huhitaji diski ya nje tu. Ikiunganishwa, huhifadhi nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma, mpaka diski ijae. Hapo nakala kongwe hufutwa. Diski inayotengwa kwa kazi hiyo isiwe na kitu kingine cha thamani, maana huenda ikafutwa mwanzoni ili kutayarishwa. Faida yake haiishii kwenye ajali. Mhariri aliyefuta sura nzima Jumatatu na kujuta Alhamisi anaweza kuirudisha.

Neno kuhusu istilahi

Kwa vitendo vitatu vya msingi, Kiswahili kina vitenzi vya kawaida: kata, nakili na bandika. Bofya hutumika kwa kipanya, na bonyeza kwa kitufe cha kibodi. Kuvitofautisha huyafanya maelekezo yaeleweke. Kibodi limeenea kuliko kicharazio na baobonye, ingawa yote matatu hukutwa katika maandishi. Kompyuta hueleweka kote, na tarakilishi husikika zaidi Kenya. Nakala rudufu ni nakala ya akiba, tofauti na nakala ya kawaida.

Mwenye muda wa jambo moja tu leo na azime usahihishaji wa kimya. Mwenye muda wa mawili, na aunganishe diski ya nje. Kamusi ya tahajia na vifupisho vinaweza kusubiri hadi kesho.