Mahaba ya Barafu Kando ya Ziwa Lisiloganda

Katika mji wa Moba, ulioko ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, chini ya milima ya Marungu, barafu haijulikani ila kwa sura mbili: mvua ya mawe inayoshuka mara chache juu ya mashamba ya nyanda za juu, ikayeyuka kabla watoto hawajamaliza kuiokota, na mapande yatokayo katika jokofu la mwenye duka aliyejaliwa kuwa na umeme, ili kupoza vinywaji vya wateja. Ziwa lenyewe, ambalo kina chake kinapita mita 1,400, halijapata kuganda hata upana wa kiganja. Walakini ni katika mji huu huu, jioni, karibu na bandari, nilipowasikia vijana wakibishana kwa hamasa, simu ikipita mkononi kwa huyu na kwa yule, kama yule mtelezaji wa Kifaransa aliyejipindua hewani juu ya barafu alitua kwa mguu mmoja au kwa miwili. Na tangu siku ile swali lililonishughulisha ni hili: mtu asiyepata kuikanyaga barafu maishani mwake huingia kwa mlango gani katika ushabiki wa mchezo wa kuteleza kwa madaha juu yake?

Mpira wa miguu tunaurithi. Mtoto wa Moba, ambaye wilaya yake ilikuwa sehemu ya Katanga hadi mikoa ilipogawanywa mwaka 2015, huikuta TP Mazembe ya Lubumbashi nyumbani kwao kama anavyokuta jina la ukoo, wala hakumbuki siku aliyoanza kuipenda. Lakini wako watu wengine ulimwenguni walioifahamu Mazembe kwa siku moja tu, nayo ni siku ya Desemba 2010 huko Abu Dhabi, klabu hiyo ilipoishinda Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, ambamo Inter ya Italia iliwafunga mabao 3 kwa 0. Waulize watu hao wanakumbuka nini, nao hawatakutajia mfumo wa mchezo wala majina ya wafungaji. Watakutajia mlinda mlango, Robert Kidiaba, aliyeketi chini akawa anarukaruka kwa makalio uwanjani kwa furaha ya bao. Jicho lilinaswa kwanza na kitendo kimoja, na maarifa ya klabu, mji na historia yakaja baadaye kwa aliyeyatafuta. Kwa yakini hivyo ndivyo ushabiki wa mchezo wa barafu ulivyozaliwa katika sehemu nyingi za dunia, wala si kwetu peke yetu.

Kitendo kilichowanasa vijana wale ni cha Surya Bonaly. Alizaliwa Nice mwaka 1973, akalelewa na wazazi Wafaransa waliomfanya mwana wao, akaanza na mazoezi ya viungo kabla ya kuihamia barafu, akawa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, kuanzia 1991 hadi 1995. Katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 1992 ndiye aliyeapa kiapo kwa niaba ya wanamichezo wote, na mji ulioandaa michezo hiyo ulikuwa Albertville wa Ufaransa, jina ambalo wazee wa Kalemie hawawezi kulisikia bila kushtuka kidogo, kwa kuwa mji wao uliitwa hivyo hivyo zama za Wabelgiji, ingawa mfalme aliyekusudiwa huku si yule aliyekusudiwa kule. Katika mashindano ya ubingwa wa dunia alipata nishani ya fedha miaka mitatu kwa mfuatano, 1993, 1994 na 1995, asipate kamwe ile ya dhahabu. Na mwaka 1994, mjini Chiba, Japani, waamuzi walipompa ushindi mwenyeji Yuka Sato kwa tofauti ndogo mno, Bonaly alikataa kupanda jukwaani, na alipovishwa nishani aliivua mbele ya hadhara huku machozi yakimtoka. Wengi walimlaumu kwa utovu wa adabu. Mimi simlaumu, kwa sababu mwanamke aliyeambiwa mwaka baada ya mwaka kwamba ana nguvu nyingi na madaha machache, katika mchezo ambao madaha hupimwa kwa macho ya watu tisa, alikuwa na haki ya kuonyesha kwamba ameyasikia maneno hayo na ameyachoka.

Kisha ikaja Nagano, tarehe 20 Februari 1998. Kano ya kisigino chake ilikuwa imepata kukatika, maumivu yalikuwa yanamzuia kuruka miruko aliyoipanga, na nishani ilikuwa imekwisha kumponyoka. Ndipo, katikati ya mchezo wake, alipojirusha kinyumenyume, akapiga kichwangomba hewani, miguu juu kichwa chini, akatua kwa ubapa mmoja wa chuma na kuendelea kuteleza kana kwamba hakuna lililotukia. Kitendo hicho kilikuwa kimepigwa marufuku tangu Mmarekani Terry Kubicka alipokifanya mwaka 1976, na waamuzi walimkata alama; naye, alipomaliza, aliwageuzia mgongo waamuzi na kuwaelekea watazamaji, wala halikuwa jambo la bahati. Akawa wa kumi. Wa kwanza siku ile alikuwa Tara Lipinski wa Marekani, mtoto wa miaka 15, na ushindi wake ulikuwa wa haki. Lakini simu zinazopita mikononi pale bandarini hazikuhifadhi mchezo wa Lipinski.

Ni rahisi kusema kwamba vijana wetu walimpenda Bonaly kwa rangi ya ngozi yake, na sitakana kwamba rangi ilikuwa na sehemu yake, maana mtu hufurahi kumwona aliye kama yeye mahali ambapo hakutarajiwa. Lakini ukiwasikiliza vizuri utagundua sababu iliyo karibu zaidi. Watoto wa ufukoni hapa hupiga vichwangomba mchangani na kutoka ukingoni mwa mitumbwi tangu wanapojua kuogelea. Wanajua kwa miili yao namna tumbo linavyopanda, namna dunia inavyogeuka, na namna kisigino kinavyoumia kwa kutua vibaya. Alipotua Bonaly kwa mguu mmoja, juu ya kitu kigumu na kinachoteleza, hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza ugumu wake. Waliupima kwa mifupa yao wenyewe, na kwa hukumu hiyo wakampa alama ambazo waamuzi walimnyima.

Wajapani nao, ambao walikuwa wakijaza viwanja vizima na kutupa wanasesere kama mvua mbele ya mtelezaji wao Yuzuru Hanyu, bingwa wa Olimpiki wa 2014 na 2018, hawakuzaliwa na mahaba hayo. Yalipata nguvu kubwa Februari 1972, michezo ilipofanyika katika mji wao wa Sapporo, na aliyeyawasha hakuwa Mjapani wala hakuwa mshindi. Alikuwa msichana wa Kimarekani, Janet Lynn, mwenye nywele fupi za dhahabu, aliyeanguka katika mzunguko wa kuchutama, akaketi juu ya barafu mbele ya mamilioni ya watazamaji wa televisheni, akatabasamu, akainuka, na kuendelea kwa raha kana kwamba anguko nalo lilikuwa sehemu ya muziki. Taifa lililozoea kumwona mwanamichezo akiinamisha kichwa kwa haya anapokosea lilimwona binti aliyeanguka bila kuvunjika moyo, na tangu dakika ile akawa kipenzi cha watu ambao hawakujua mruko mmoja kwa jina lake.

Kisa cha Sapporo kina upande wa pili ambao naona watu hawaupi uzito unaostahili. Dhahabu ilikwenda kwa Beatrix Schuba wa Austria, ambaye katika sehemu ya mchezo huru alikuwa wa saba, na Lynn aliyeshika nafasi ya kwanza katika sehemu hiyo aliondoka na shaba. Sababu ilikuwa ile michoro ya lazima: kabla ya siku ya muziki na mavazi mazuri, kila mtelezaji alitakiwa kuchora duara na namba nane kwa ubapa wa kiatu chake, akiirudia alama yake mwenyewe bila kuipotoa, na waamuzi wakiinama kukagua mkwaruzo huo kama makarani wa korti wanavyokagua hati. Schuba alikuwa bingwa asiye na mfano katika kazi hiyo, na ushindi wake ulikuwa halali kabisa. Walakini michoro hiyo haikuonyeshwa kwa watazamaji, ambao nyumbani mwao waliona anayeteleza vizuri akishindwa na asiyewavutia, wasielewe kwa nini. Mwaka uliofuata, 1973, iliongezwa sehemu mpya fupi ili kupunguza uzito wa michoro, na baada ya 1990 michoro ikaondolewa kabisa katika mashindano makubwa. Watu waliokuwa hawajui sheria walikuwa wameibadilisha sheria kwa nguvu ya kutazama kwao tu.

Kutazama ndiko kulikokosekana kwetu zamani. Mwaka 1948, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Baudouinville kwa jina la mwanamfalme wa Ubelgiji, Wabelgiji wawili, Micheline Lannoy na Pierre Baugniet, walitwaa dhahabu ya watelezaji wa jozi huko St. Moritz, Uswisi, na kwa miaka zaidi ya sabini nchi yao haikupata dhahabu nyingine katika michezo ya majira ya baridi. Je, yuko mtoto wa shule ya misheni aliyegeuka kuwa shabiki kwa habari hiyo? Sidhani. Habari ya kuteleza inaposomwa gazetini bila kuonekana ni maneno matupu juu ya karatasi.

Kwa Mabel Fairbanks, msichana mweusi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1915 na kubaki yatima, kilichofungua jicho kilikuwa sinema. Sonja Henie wa Norway, bingwa wa Olimpiki mara tatu, 1928, 1932 na 1936, alikwenda Hollywood, na filamu yake ya kwanza huko ilitoka mwaka 1936. Fairbanks aliitazama, akawaona pia watoto wakiteleza katika bustani ya Central Park jijini New York, akanunua viatu vilivyokwisha kutumiwa, vilivyomzidi ukubwa, akajaza pamba ndani yake. Uwanjani alizuiwa mlangoni kwa sababu ya rangi yake. Alirudi tena na tena mpaka akaingia, na mashindano yalipoendelea kumfungia milango aligeuka mwalimu, akawafunza mabingwa wa vizazi vilivyofuata. Nikimfikiria mwanamke huyu sioni kwamba Debi Thomas, aliyetwaa shaba huko Calgary mwaka 1988 na kuwa mtu mweusi wa kwanza kupata nishani katika Olimpiki ya Majira ya Baridi, alianzia mahali patupu. Kabla yake walikuwako watu waliopenda mchezo ambao haukutaka kuwapenda.

Katika Afrika Mashariki barafu ya kutelezea ilifika kwa hoteli. Mwaka 2005, hoteli ya Panari, kwenye barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu ndani ya jengo, na hapo vijana waliokuwa wakiteleza kwa viatu vya magurudumu juu ya lami walijaribu vya chuma, hata ikazaliwa timu ya mpira wa magongo wa barafu iitwayo Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilipelekwa Kanada na kucheza pamoja na mashujaa wa mchezo huo. Wakenya walikuwa na kumbukumbu nyingine pia, nayo ni ya Nagano ile ile ya Bonaly: Philip Boit, mkimbiaji aliyefunzwa kuteleza thelujini, alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa mwisho, dakika 20 baada ya mshindi, na mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa angali amesimama mstarini akimngoja ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Na ile marufuku ya kichwangomba imekwisha. Januari 2024, katika mashindano ya Ulaya, Adam Siao Him Fa, Mfaransa ambaye wazazi wake wanatoka kisiwa cha Morisi katika Bahari ya Hindi, alipiga kichwangomba kile kile huku akijua kwamba atakatwa alama, na bado akawa bingwa. Na Juni mwaka huo huo shirikisho la dunia la mchezo huu liliuondoa mruko huo katika orodha ya yaliyokatazwa, miaka 26 baada ya Nagano.

Vijana wa bandarini sasa wamefika hatua ya pili, ambayo ndiyo inayomtenga shabiki na mpita njia. Hawatosheki na kichwangomba. Wanairudisha video nyuma, wanaipunguza kasi, wanataka kujua kwa nini mruko mmoja una thamani kuliko mwingine unaofanana nao. Wameshajua kwamba mruko uitwao Axel hutambuliwa kwa urahisi kuliko mingine yote kwa sababu mtelezaji huondoka akiwa ameelekea mbele na kutua akiwa ameelekea nyuma, hivyo kila mara huwa na nusu mzunguko wa ziada. Na kwamba Ilia Malinin wa Marekani, aliyekuwa wa kwanza kuutua mruko wa Axel wa mara nne katika mashindano, Septemba 2022, kwa hakika alizunguka mara nne na nusu hewani. Mmoja wao huhesabu kwa vidole kila kipande kinapochezwa, na akikosea wenziwe humtaka airudishe video mwanzo ahesabu tena.