Mgeni Ndani ya Tovuti Ataijuaje Njia?

Wahenga walinena kuuliza si ujinga. Sawa, lakini mgeni aliye ndani ya tovuti atamwuliza nani? Hakuna bawabu wala mwenye duka; kuna maandishi na viungo tu. Ndiyo maana, ndugu msomaji, anayetengeneza tovuti sharti apange njia zake kabla ya kuhangaika na rangi na picha.

Mwaka huu chama chetu kilinituma nichore mpango wa tovuti yetu. Kumbe kazi kubwa si kompyuta, ni maneno! Kwa mfano, ukurasa wa kwanza tuuite nani? Wapo wanaouita "Nyumbani", eti kwa kuwa Waingereza husema hivyo. Nyumbani kwa nani jamani? Wikipedia ya Kiswahili huuita "Mwanzo", na mimi naona wamepatia.

Jina huwa baya zaidi linapofuata mawazo ya mwenye tovuti badala ya haja ya mgeni. Dada yangu alitafuta fomu ya msaada wa karo katika tovuti ya shirika fulani. Akapitia "Huduma", akapitia "Miradi", wapi! Fomu ilikuwa chini ya "Rasilimali". Aliipata saa tano usiku, na mwisho wa kuituma ulikuwa saa sita. Hebu niambie, nani anayetafuta karo hufikiria neno hilo? Wangeandika "Omba Msaada wa Karo", basi, kazi kwisha.

Katika simu, menyu hufichwa nyuma ya mistari mitatu midogo. Alama hiyo ilibuniwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star, iliyotoka mwaka 1981. Inaokoa nafasi, hapana shaka, lakini kilichofichwa husahaulika. Yale mawili matatu yanayotafutwa sana yaachwe nje, tena kwa maneno.

Aidha, wengi hawaingii kwa mlango wa mbele. Mtu hutafuta jambo kwenye Google akajikuta katikati ya tovuti, kama abiria anayepandia matatu njiani. Matatu ya Kawangware huandikwa 46 usoni, kwa hiyo popote uisimamishapo unaijua. Vivyo hivyo, kila ukurasa ubebe jina la tovuti, jina lake wenyewe, na njia ya kurudi, mathalan: Mwanzo, Mashairi, Mashairi ya 2024. Hapo mgeni anajua alipo na alikotoka.

Kupima haya hakuhitaji hata umeme. Chora menyu karatasini, mpe mwenzako, mwambie atafute matokeo ya mashindano ya insha. Kisha nyamaza (hapo ndipo pagumu) utazame kidole chake kinasita wapi. Jina hilo libadilishe.

Mpango wetu umebandikwa kwenye ubao wa chama. Njoo na kidole chako.