Ukienda ushago Desemba, ulizia zile kanda za video

Kama kwenu ni Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi, kuna uwezekano mkubwa kwamba kanda hiyo ipo. Iko juu ya kabati la vyombo, chini ya kitambaa cha kufuma, ama ndani ya sanduku la bati pamoja na hati ya shamba. Kaseti nyeusi ya VHS, karatasi yake imefifia, imeandikwa kwa kalamu: "Harusi." Kila mtu nyumbani anajua ipo. Hakuna aliyeitazama tangu deki ilipokufa.

Sasa, wengi wetu tunadhani kwa sababu kanda iko salama kabatini, basi picha nazo ziko salama. Hapana. Kanda inazeeka hata ikiwa imelala.

Ndani yake kuna utepe wa plastiki uliopakwa unga laini wa kutu ya chuma, ukashikiliwa na gundi. Picha na sauti zimehifadhiwa kwa sumaku katika unga huo. Gundi ikichoka, unga unabanduka, na picha inaondoka nao. Hewa kavu ya Ukambani inasaidia kidogo kwa sababu kuvu hupenda unyevu. Lakini joto la chumba cha mabati kule Kibwezi, pamoja na vumbi la kiangazi cha Kitui, havina huruma.

Tena hata kanda ikibaki nzima, utaichezea wapi? JVC ilileta VHS sokoni mwaka wa 1976. Miaka 40 baadaye, Julai 2016, kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki hizo, ilifunga kazi. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya mwaka wa 2015 kwamba kanda zisizogeuzwa kuwa dijitali kufikia 2025 ziko hatarini kupotea kabisa. Mwaka huo umeshafika.

NI NINI KIKO NDANI?

Usidharau ukisema ni harusi tu. Fikiria barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui. Leo ni lami. Kwenye kanda ya miaka ya tisini, msafara wa harusi unapotelea ndani ya vumbi jekundu.

Ama fikiria bwawa la Thwake, kule Makueni inakopakana na Kitui. Ujenzi ulianza 2018, na familia zikahama kupisha mradi. Kwa mtu aliyezaliwa upande ule, kanda ya sherehe ya nyumbani inaweza kuwa ndiyo picha pekee inayotembea ya boma alilokulia: mwembe, zizi, njia ya kwenda mtoni. Huwezi kurudi kupiga nyingine.

Na kuna sauti. Wazee wakijadiliana mbuzi wa ntheo, akina mama wakiimba, babu akihutubia wageni kwa Kikamba kile kizito ambacho wewe na mimi wa Nairobi tunakisikia nusu nusu. Picha ya ukutani haisemi. Kanda inasema.

KAZI YENYEWE

Mimi chuo sikumaliza, na kazi hii haidai digrii. Unahitaji deki inayofanya kazi, nyaya tatu (ya njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti), kifaa kidogo cha USB cha kunasa video, na laptopu. Programu ya OBS Studio ni ya bure na inatosha kurekodi.

Deki ya mtumba unaweza kuipata Luthuli Avenue jijini, ama kwa fundi wa redio pale mjini kwenu. Ijaribu kwanza kwa kanda isiyo na thamani. Deki mbovu hutafuna utepe.

Kabla ya kuweka kanda yenyewe, fanya mambo matatu. Kwanza, vunja kile kipande kidogo cha plastiki kwenye ubavu wa kaseti, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Pili, chungulia kwenye kidirisha. Ukiona unga mweupe ama nyuzi nyuzi, hiyo ni kuvu. Usiicheze, maana itachafua deki na kuambukiza kanda nyingine. Mpelekee fundi anayejua kusafisha. Tatu, ipeleke mbele hadi mwisho kisha uirudishe, ili utepe uliokaa miaka mingi ulegee.

Kanda za Kenya ni za mfumo wa PAL, kwa hivyo rekodi kwa ukubwa wa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Kama shangazi aliituma kutoka Marekani, huenda ni NTSC, na deki ya PAL pekee haitaionyesha vizuri. Zile kanda ndogo za Hi8 ama MiniDV haziingii kwenye deki ya VHS hata kidogo. Tafuta kamera ya aina yake.

Ukipeleka kwa mtu wa kulipwa, usimpe kanda zote. Mpe moja, tazama kazi yake, ndipo umpe nyingine. Na kanda irudi nyumbani pamoja na faili.

SAA TATU NA SUSU

Hapa ndipo watu hukasirika: hakuna njia ya mkato. Kanda ya E-180 ina saa tatu, na itachukua saa tatu kuigeuza. Haikopiwi kama flashi.

Lakini hizo saa tatu usizitumie kwenye simu. Mwite susu akae karibu na skrini. Weka simu mezani irekodi sauti, halafu uliza tu: "Susu, huyu ni nani? Na huyu aliyeshika kibuyu?" Atakutajia majina, mbari, nani aliolewa wapi, nani alihamia Mbooni na nani hakurudi kutoka Mombasa. Faili bila majina ni sinema ya watu usiowajua. Deki unaweza kuazima. Mtu anayejua sura hizo zote hauzwi Luthuli.

Ukimaliza, ipe faili jina linaloeleweka: mwaka, tukio, mahali. Weka nakala tatu: moja kwenye diski, moja kwa binamu anayeishi kwingine, moja kwenye Google Drive. WhatsApp hubana video hadi nyuso zinakuwa ukungu, kwa hivyo ukituma huko, itume kama hati.

Na kabla ya kukimbilia TikTok, kumbuka wale watu walikubali kupigwa picha kwenye harusi, si kuchekwa na nchi nzima. Waulize walio hai. Wengine walishaachana, wengine wamezikwa na watoto wao bado wanalia.

Usiitupe kanda ya asili hata ukishamaliza. Isimamishe wima kama kitabu, mahali penye baridi, mbali na spika. Lakini kwanza piga simu nyumbani leo, umwambie mtu aiondoe chini ya mabati.