Fangasi, Madini ya Chuma na Kisukari: Maelezo kwa Wakazi wa Alby

Fangasi aina ya kandida huishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi bila kuwadhuru. Sababu mojawapo ni kwamba mwili humnyima chuma. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za madini hayo, nyingi zikiwa ndani ya chembe nyekundu za damu. Kiasi kidogo kinachosafiri katika damu hushikiliwa na protini iitwayo transferini.

Fangasi naye ana mbinu yake. Vimeng'enya vilivyopachikwa katika utando wa seli yake huchukua elektroni kutoka ndani, huzipitisha katika unene wa utando na kuzikabidhi atomi za chuma zilizo nje. Kila atomi ikipokea elektroni moja, hulegea pale iliposhikwa, kisha protini nyingine za utando huo huiingiza ndani. Ajabu ni kwamba protini hizo nazo huhitaji shaba ili zifanye kazi.

Sukari ikizidi kwa muda mrefu, kinga hudhoofika na kandida hustawi. Anayerudiwa na madoa meupe mdomoni au muwasho ukeni apimwe sukari katika kituo cha afya, yaani vårdcentral, hata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari. Anayo haki ya kuomba mkalimani.

Hatari kubwa zaidi hutokea sukari inapopanda sana na damu kuwa na asidi. Hapo transferini hushindwa kukishika chuma vyema, na ukungu wa kawaida, wa udongoni au kwenye mkate uliooza, huweza kushambulia pua, macho na hata ubongo. Ugonjwa huo ni nadra nchini Uswidi. Nchini India, mwaka 2021, uliwapata maelfu ya watu waliougua korona, wengi wao wenye kisukari.

Kwa hiyo usiache insulini kwa uamuzi wako mwenyewe, hata unapoumwa na kukosa hamu ya kula. Piga simu 1177 upewe ushauri. Ukiona uvimbe wa upande mmoja wa uso, kidonda cheusi kwenye kaakaa au uchafu mweusi puani, piga 112 mara moja.

Vidonge vya chuma ulivyoandikiwa na daktari uendelee kuvimeza. Upungufu wa damu nao ni ugonjwa, na kuuacha bila tiba hakumzuii fangasi.