Kipimo cha Magurudumu ya Landrova ya Zamani

Mtu aliyeazimia kuihuisha Landrova ya zamani, akamaliza kuponya chasisi iliyoliwa na kutu, akatandaza upya nyaya za taa, akafungua injini na giaboksi na kuzifunga tena kwa subira ya miezi mingi, aghalabu huyaacha magurudumu yawe shughuli ya mwisho, na siku rangi inapokauka huingia dukani kuchagua matairi kwa macho, kama mtu achaguaye kilemba cha sikukuu. Mimi nauona mpango huo kuwa umepinduliwa. Madhali uwiano wa meno ya difu, hesabu ya mita ya spidi, uzito wa usukani, nguvu ya breki na hata nafasi iliyoachwa chini ya madigadi vyote vilipimwa na wahandisi kwa kulitazamia gurudumu la kadiri maalumu, ni wajibu wa mwenye gari kuijua kadiri hiyo, na sababu yake, kabla hajatia mkono mfukoni.

Landrova ya kwanza ilionyeshwa na kampuni ya Rover ya Uingereza katika mji wa Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948, na matairi yake ya kawaida yalikuwa ya kipimo cha 6.00-16. Ulipofika mwaka 1958 ikatoka Series II, iliyofanywa kwa urefu wa namna mbili, mmoja wa inchi 88 na mwingine wa inchi 109 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gari fupi likabaki na 6.00-16, na refu, ambalo lilikusudiwa mizigo na abiria wengi, likapewa 7.50-16. Tofauti hii ndiyo asili ya makosa mengi ninayoyaona. Katika nchi zetu Landrova hizi zilitumika bomani, katika zahanati, katika misheni na katika mbuga za wanyama, na kila fundi aliyezipokea alizivika tairi lililopatikana siku ile, hata leo ni nadra kuikuta moja ingali na viatu ilivyozaliwa navyo. Kwa hiyo matairi yaliyomo garini si hoja wala ushahidi. Hoja ni namba ya chasisi na kitabu cha mwenye gari, navyo ndivyo vinavyostahili kuulizwa kwanza.

Tarakimu za zamani zasomeka hivi: 6.00 ni upana wa tairi kwa inchi, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na 16 ni kipenyo cha rimu. Urefu wa ubavu haukutajwa, kwa kuwa katika zama zile ulikaribia kuwa sawa na upana wenyewe. Tairi la kisasa hueleza zaidi, kwani likiandikwa 205/80R16 maana yake ni kwamba upana ni milimita 205, ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 164, herufi R yaonyesha kwamba nyuzi zake zimefumwa kwa mtindo wa radiali, na rimu ni ya inchi 16. Basi yeyote aliye na kalamu aweza kupata kimo chake: inchi 16 ni milimita 406, ongeza ubavu wa juu na wa chini, jumla ni takriban milimita 734. Kimo hiki chakaribiana mno na cha 6.00-16 ya kale, na hivyo 205/80R16 ni badala njema kwa gari fupi. Kwa hesabu iyo hiyo 235/85R16 hutoa milimita 806, nayo ni ndugu wa 7.50-16.

Sasa na tutazame linalotokea pale mwenye gari fupi, akitamani kimo na haiba, anapoyatia matairi ya gari refu. Kimo kimezidi kwa karibu asilimia 10, na kila mzunguko wa gurudumu humeza njia iliyozidi kwa kadiri ile ile, ilhali mita ya spidi haina habari: mshale ukisimama kwenye 60, gari limekwisha fika karibu 66. Difu ya Landrova hizi ina uwiano wa 4.7, lakini kwa gurudumu lile huwa kana kwamba imegeuzwa kuwa 4.28, na injini ya petroli ya lita 2¼, ambayo haikupata kusifiwa kwa wepesi, hulazimika kupanda mlima kwa gia ya chini zaidi. Wapo waliolifanya jambo hili kwa makusudi, kwa sababu katika barabara ndefu ya lami injini hupumua kwa utulivu zaidi, nami siwalaumu, maadamu wameisahihisha mita na wanakaa tambarare. Breki hata hivyo hazisamehi. Gari fupi lilipewa dramu za inchi 10 na refu likapewa za inchi 11, na gurudumu linapokuwa kubwa juu ya dramu ndogo, mguu ule ule hupata nguvu pungufu kwa karibu sehemu moja katika kumi na moja.

Hapo nahamia kwenye rimu, ambayo watu huipuuza kwa kuwa imefichwa na mpira. Nati tano za Landrova zimepangwa juu ya duara la kipenyo cha inchi 6½ katika gari fupi na katika refu vilevile, kwa hiyo rimu ya moja huingia katika jingine bila ubishi, na mtu hudhani kwamba kilichoingia kimefaa. Rimu ya kawaida ya gari fupi ina upana wa inchi 5, na tairi la 235/85 halistahili kubanwa juu yake, kwani mabega hujikunja, katikati huvimba, na kipara huanza pale palipovimba. La pili ni kina cha bamba la kati. Laza ubao ulionyooka juu ya ukingo wa ndani wa rimu, kisha upime kutoka ubao huo hadi uso wa bamba linalokaa kwenye ekseli, na ulinganishe na rimu ya asili. Kipimo kikizidi, gurudumu limeingia ndani; kikipungua, limetoka nje, na hapo beringi hubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na usukani, ambao katika magari haya hauna msaada wowote ila mabega ya dereva, huwa mzito maradufu. Gurudumu lililoingia ndani mno hujitangaza lenyewe: geuza usukani hadi mwisho, uiname utazame ukingo wa springi ya mbele, nawe utauona mstari mwembamba wa chuma kinachong'aa pale mpira unapolamba.

Kuhusu upana, rai yangu ni wazi: tairi jembamba ndilo la Landrova. Kwenye tope la masika hukata hadi kwenye udongo mgumu, ilhali lililo pana huelea na kuteleza. Mchanga una hukumu nyingine, lakini mchangani dawa ya kwanza ni kupunguza upepo.

Atakaye uhalisi kamili atatafuta matairi ya nyuzi za mshazari, yaliyokuwa desturi ya zama zile, na hapana ubaya ikiwa yote ni ya namna moja. Kilicho haramu ni kuyachanganya na ya radiali katika ekseli moja, kwa sababu kila namna hujipinda kwa tabia yake penye kona. Rimu za awali, ambazo bamba lake limeunganishwa kwa ribiti, sharti zitiwe tyubu, maana upepo hutoroka penye ribiti. Tena soma umri wa tairi ubavuni: tarakimu nne za mwisho za namba ya utengenezaji, mathalan 1419, zaeleza kwamba lilifanywa katika wiki ya 14 ya mwaka 2019. Jua huuzeesha mpira hata ukiwa umekaa bure, na tairi lenye meno marefu na mipasuko midogo ubavuni halifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Mwisho, nunua matano kwa mara moja. Landrova hizi hazina difu ya kati, kwa hiyo unapoifunga ekseli ya mbele ishirikiane na ya nyuma, ekseli zote mbili hulazimishwa kwenda kwa hesabu moja, na kama gurudumu moja limezidi wenzake kwa kimo, shafti na meno ya giaboksi hujisokota juu ya ardhi ngumu hadi kitu kikatike. Lile la akiba, linalokaa juu ya boneti likipigwa na jua kutwa, lizungushwe pamoja na mengine kila yanapobadilishwa nafasi, ili likihitajika porini liwe na kimo kile kile cha wenzake.