Ngano Inapogeuzwa Riwaya: Rasimu za Amos Tutuola

Mwandishi anayetunga riwaya ya fantasia kutokana na ngano huanza na malighafi ambayo tayari ina umbo. Ngano ina mwanzo wake, kiitikio chake na mwisho unaojulikana na wasikilizaji wote. Ustadi wa mtambaji umo katika sauti, mikono na vituo, si katika kubuni kisa. Vitu hivyo haviingii kwenye karatasi. Tena ngano moja haijazi kitabu. Kwa hiyo anayeandika rasimu ya namna hii hutafuta mambo mawili: kisa kimoja kitakachobeba visa vingi, na lugha itakayoshika nafasi ya sauti. Yote mawili yanaonekana wazi katika kazi za Amos Tutuola wa Nijeria.

Tutuola, Myoruba, alizaliwa Abeokuta mwaka 1920. Masomo yake yalikatika mapema, akajifunza uhunzi, na baada ya Vita Kuu ya Pili akaajiriwa Lagos kama tarishi katika Idara ya Kazi. Tarishi hana la kufanya mpaka atumwe, naye muda huo wa kusubiri aliujaza kwa kuandika. Mswada wake wa kwanza mrefu, wa mwaka 1948, ulihusu mwindaji katika msitu wa mizimu. Aliupeleka London kwa wachapishaji wa vitabu vya upigaji picha, pamoja na ahadi ya picha za mizimu yenyewe. Picha zilipofika, zilikuwa za michoro ya mkono. Mswada ukabaki huko, na haukuchapishwa hadi 1982, ulipohaririwa na mtafiti Bernth Lindfors. Kuchelewa huko kuna faida yake kwa mhakiki, maana mswada huo unamwonyesha Tutuola akiwa bado anafuata nyayo za D. O. Fagunwa, ambaye mwaka 1938 alichapisha kwa Kiyoruba riwaya ya mwindaji na msitu wa mizimu.

Kitabu kilichomtangaza, *The Palm-Wine Drinkard*, kilitoka mwaka 1952 kwa wachapishaji Faber and Faber. Tutuola alieleza kwamba rasimu ya kwanza aliimaliza kwa siku chache, kisha akatumia miezi mitatu kuipanua. Hilo si ajabu, kwa kuwa kisa kikuu ni kifupi. Mnywaji wa tembo amefiwa na mgema wake, aliyeanguka kutoka mtini. Anafunga safari kwenda Mji wa Wafu kumrudisha. Mifupa ya hadithi ni hiyo tu. Lakini safari ina vituo, na kila kituo kinaweza kupokea ngano nyingine bila njia kupotea. Hapo kupitia upya hakukuwa kupunguza, kama wanavyofundishwa waandishi wengi, bali kuongeza.

Kuongeza nako kunahitaji kubadilisha. Mfano mzuri ni kisa cha binti aliyekataa wachumba wote, akamfuata bwana mtanashati kutoka sokoni. Njiani bwana yule anarudisha kwa wenyewe viungo alivyovikodi, mguu hapa, mkono pale, mpaka linabaki fuvu. Ngano za aina hii zimeenea Afrika Magharibi, na za Afrika Mashariki zina binti wa jamii hiyohiyo, yule anayeolewa na zimwi. Kwa watambaji kisa hiki ni onyo kwa mabinti wenye kuchagua sana. Tutuola anaacha onyo lififie: mnywaji wa tembo anamwokoa binti, anamwoa, na mke huyo anakuwa mwenzi wa safari hadi mwisho. Uzuri wa bwana yule nao anaupima kwa kipimo kipya kabisa, kwamba hata ndege za vita zingemwona mjini zisingeangusha bomu.

Kipimo hicho kinatokana na maisha ya mwandishi, kama zilivyo hesabu zake. Shamba la tembo lina michikichi 560,000. Wasafiri wanauza kifo chao kwa pauni 70, shilingi 18 na peni 6, na hofu yao wanaikopesha kwa riba ya kila mwezi. Hakuna mtambaji anayetaja senti. Ni tarishi wa ofisini aliyejificha ndani ya ngano, na bila yeye kitabu kingekuwa mkusanyo tu wa hadithi za kale.

Suala la lugha lilikuwa gumu zaidi. Kiingereza cha Tutuola kilifuata mwendo wa Kiyoruba na kukiuka sarufi ya shule. Wahariri walisahihisha mambo madogo, wakaacha mengine yote yalivyo, na ndani ya kitabu wakaweka picha ya ukurasa wa mswada wenye masahihisho yao. Kuuweka ukurasa ule hadharani kulikuwa na chembe ya kumfanya mwandishi kioja. Mshairi Dylan Thomas alikisifu kitabu gazetini Uingereza mwaka huohuo kilipotoka. Wanijeria wasomi wengi waliona haya, wakidai Wazungu walikuwa wakishangilia makosa. Miaka mingi baadaye mwandishi mwenzake Mnijeria, Chinua Achebe, alikitetea, akionyesha kwamba ndani ya vituko vile mna hoja ya kimaadili kuhusu kazi na starehe.

Mwaka huo wa 1952 mwandishi wa Kiswahili Shaaban Robert alichapisha *Adili na Nduguze*, naye alifuata njia tofauti. Chanzo chake ni kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, ambamo khalifa anapata habari za gavana anayewapiga kila usiku ndugu zake waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, khalifa akawa Mfalme Rai wa Ughaibuni, na wahusika wakapewa majina ya tabia zao: Adili, Hasidi, Mwivu. Lugha ni fasaha, imenyooshwa sentensi kwa sentensi. Mbinu hiyo inakiondoa kisa katika Baghdadi na Basra na kumwezesha msomaji wa Kiswahili kukipokea kama chake, ingawa humnyima nafasi ya kumshuku Hasidi mwenyewe, kwa kuwa jina limekwisha kumhukumu.